Je, Wajua? Tabora na Vita vya Kumng'oa Nduli

Je, wajua kwamba zaidi ya karne moja kabla ya Nduli Idi Amin wa Uganda, Tabora yenyewe ilishuhudia mtawala wake aking'olewa na wageni? Yapata mwaka 1860, Mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe aliwatoza ushuru Waarabu waliokuwa wakipitisha pembe za ndovu. Wakampindua, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Manwa Sera akaingia porini na kupigana nao hadi alipouawa mwaka 1865.

Je, wajua kwamba njia ya misafara iliyopita Tabora haikuishia Ujiji? Tawi lake moja lilitoka Tabora kuelekea Karagwe, likavuka Mto Kagera hadi Buganda. Mfanyabiashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, kwa njia hiyo mwaka 1844. Eneo hilohilo la Kagera ndilo Amin alilolivamia Oktoba 1978 na kutangaza kuwa ni la Uganda.

Na wajua kwamba aliyeamuru Amin apigwe alikuwa mtoto wa njia hiyo? Julius Nyerere alisoma sekondari Tabora, akaenda Makerere, Kampala, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria.

Kigwa, mashariki ya Tabora, palikuwa kituo cha misafara. Baada ya wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, kushindwa walipoivamia Uganda Septemba 1972, na Mkataba wa Mogadishu kati ya Tanzania na Uganda kutiwa saini mwezi uliofuata, wapiganaji wao waliletwa huko wakawa wakulima wa tumbaku. Vita vilipowaka, wengi waliacha majembe wakaingia Kikosi Maalum, jeshi la wafuasi wa Obote.

Je, ilikuwa haki kuvuka mpaka? Kumfukuza adui kutoka Kagera hakuna Mtanzania aliyehoji. Ubishi ulianza jeshi letu, JWTZ, lilipoendelea mbele: Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walilaumu, kwa kuwa mkataba wa umoja huo ulikataza nchi kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Tanzania ilijibu kuwa vita vilikuwa viwili: vyake vya kujilinda, na vya Waganda vya kujikomboa.

Jibu hilo naliona dhaifu, maana bila jeshi letu Kampala isingeanguka. Lakini lawama naziona dhaifu zaidi. OAU hiyohiyo ilikutana Kampala mwaka 1975 na kumfanya Amin mwenyekiti wake. Tanzania ilikataa kuhudhuria. Tulipovamiwa tuliiomba imlaani mvamizi, haikufanya hivyo. Na waliouawa chini ya utawala wake hukadiriwa hadi watu 300,000. Nani mwingine angewasikia? Kwangu, kuvuka Mutukula kulikuwa haki.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Yusuf Lule, aliyechaguliwa na Waganda wenzake kuwaongoza baada ya Amin katika mkutano wa Moshi, Machi 1979, alidumu madarakani siku 68. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 Obote alirudi Ikulu, matokeo yakapingwa, na mwaka 1981 bunduki zikaanza kulia tena, safari hii Luwero. Askari wetu waliondoka mwaka huohuo.