Programu Gani Inalijua Joto la Wilson?

Msomaji anayejifunza urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, anauliza anunue programu ipi ya kupangia safari. Anazitaja ForeFlight, Garmin Pilot na SkyDemon. Mambo ya bei na rangi za ramani namwachia muuzaji. Nitasema tu kwamba ForeFlight, kwenye simu na tableti, ni ya watu wa Apple. Mwenye Android ameshaamuliwa. Mimi nina swali moja: programu yenyewe inaijua hewa?

Wilson uko takribani futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hesabu ya angahewa sanifu, usawa wa bahari una nyuzi joto 15, na kila futi 1,000 unazopanda zinapunguza nyuzi 2. Basi Wilson ungepaswa kuwa na nyuzi 4. Nani amewahi kuiona Nairobi ya nyuzi 4 saa nane mchana? Februari jua likipiga hadi nyuzi 28, ziada ni 24, na kila nyuzi ya ziada huongeza kama futi 120. Zidisha, jumlisha: karibu futi 8,400. Ndege bado iko kwenye lami ya Wilson, lakini mabawa yake yanajiona yako juu kuliko Eldoret. Kimo hiki nakiita mwinuko-hewa. Nilitaka kusema "mwinuko wa msongamano", ila jina hilo linanukia foleni ya Lang'ata Road.

Hewa ya joto ni uji uliozidishiwa maji. Injini hunywa bakuli lilelile kila mzunguko, lakini unga umepungua, kwa hiyo injini ya kawaida ya Cessna 172 yenye nguvu farasi 160 hubaki na takribani 120. Propela nayo ni mwiko: kwenye uji mzito inapata cha kusukuma, kwenye uji mwepesi inapita tu. Na bawa, ambalo lazima liuegemee uji huohuo, halina budi kukimbia zaidi ili lipate cha kuegemea.

Hapo ndipo utamu ulipo. Saa ya mwendo hupima msukumo wa hewa, nayo hewa ni hafifu; kwa hiyo ikisoma kilometa 100 kwa saa, matairi, pasipo upepo, yanakimbia kama 113. Rubani anaona namba aliyoizoea, huku mwisho wa barabara ukimjia mbio. Akivuta usukani mapema kwa woga, anaharibu zaidi.

Nyasi, mteremko na unyevu vina hesabu zake; fungua kitabu cha ndege yako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, programu nyingi hutoa muda wa kujaribu bure. Utumie. Ingiza Wilson, nyuzi 28, kanieneo ya kawaida, ndege yako na mzigo wako halisi, kisha uitafute namba ya mwinuko-hewa na urefu wa barabara utakaohitaji kupaa. Isipokuonyesha hata kimoja, au ikikupa mwinuko-hewa usiofika futi 8,000, usiinunue, hata ramani zake ziwe nzuri kiasi gani.