Mama, Mara ya Mwisho Ulisoma Kitabu Lini?

Ukimuuliza mama mwenye nyumba habari za kusoma vitabu, mara nyingi atacheka kwanza. Kisha atakuhesabia: kuna maji ya kuteka, sare za shule za kufua, mtoto mgongoni, mboga haijachambuliwa, na baba watoto yuko njiani anarudi. Kitabu atakishika saa ngapi? Vitabu aliviacha siku aliyomaliza shule. Kilichobaki nyumbani ni Biblia na daftari la kikundi cha kuweka na kukopa.

Sibishani naye, kazi ni nyingi kweli. Ila napenda tuzungumze, mama kwa mama, juu ya kitu tunachokipoteza polepole bila kujua. Kusoma nako huota kutu kusipotumika. Akina mama wengi ninaowahudumia kliniki walimaliza darasa la saba, tena wengine walifaulu vizuri. Leo ukimpa mmoja wao karatasi ataisogeza mbali, ataisogeza karibu, halafu atasema amesahau miwani. Kwa wengine ni macho kweli, kwa kuwa mtu akivuka miaka arobaini macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Hilo si ugonjwa wa kuonea aibu. Nenda ukapimwe upate miwani ya kusomea. Lakini kwa wengine si macho. Ni mazoea yaliyokatika.

Wazee wetu waliliona jambo hili mapema. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya jioni yakaenea hadi vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wanakijiji walikusanyika mbele ya redio wakiwa na vijitabu mkononi, anayejua kusoma akasoma kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Sisi wauguzi bado tunaitaja kampeni ile. Zilianzishwa pia maktaba za vijiji na gazeti lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyejifunza kusoma apate kitu cha kusoma asije akasahau. Maktaba nyingi za namna hiyo zilikufa baadaye, na akina mama ndio walioumia zaidi, maana baba angalau hukutana na gazeti kijiweni.

Hasara yake naiona kazini. Pakiti ya dawa ya kuzuia mtoto aliyeharisha asiishiwe maji huchanganywa katika kiasi maalumu cha maji safi. Ziko za lita moja, na ziko ndogo zaidi. Maandishi ya kwenye pakiti ndiyo yanayosema. Mama asiyesoma akaikoroga pakiti ya lita moja ndani ya kikombe, chumvi inazidi na mtoto anazidi kuumia. Kadhalika kijiko cha chai na kijiko cha chakula si kitu kimoja. Na nje ya hospitali iko karatasi ya mkopo. Hii mikopo wanayoiita kausha damu imewafanya akina mama wakimbie nyumba zao, na ukiuliza utaambiwa walitia sahihi bila kusoma kilichoandikwa pale chini.

Hata hivyo, nisikutishe ukadhani kitabu ni kama kwinini, kitu cha kumeza kwa kukunja uso. Kitabu kizuri ni starehe, tena starehe ya halali isiyomuudhi mtu. Chukua Maisha ya Siti binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya maskini, hakupata elimu ya shule, akauza vyungu akitembea kwa miguu. Mwanamke huyo ndiye aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Ukikisoma ukiwa umechoka, umedharauliwa na mawifi, utajikuta umekaa wima.

Au chukua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana Kongowea anafiwa na mama yake kule Tanga, anaonja ukatili wa watu wanaomlea, kisha anaondoka kumtafuta baba yake hadi Kitale, Kenya. Mama yeyote anayelea mtoto wa marehemu ndugu yake akisome. Mimi kingine sikuhubiri, kitabu chenyewe kitamsemesha.

Wako wanaoniambia kwamba kwa Mkristo vitabu vya hadithi ni kupoteza muda, Biblia inatosha. Biblia ni ya kwanza, hilo halina mjadala. Lakini mtume Paulo alipokuwa kifungoni, mwishoni mwa barua yake ya pili kwa Timotheo, aliagiza aletewe joho alilowaachia Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee yuko gerezani, majira ya baridi yanakuja, na bado anavikumbuka vitabu vyake! Na Timotheo huyo imani yake ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Maandiko aliyajua tangu utotoni. Mtu fulani nyumbani mle alikaa naye.

Basi kaa na wako. Mtoto wa miaka miwili hahitaji umalize ukurasa, mwache aonyeshe picha kwa kidole, umtajie majina. Wa miaka mitano muulize, unadhani sungura atafanya nini sasa? Kama kusoma kwako kumeota kutu, mwambie wa darasa la nne akusomee wakati unachambua mchele. Wewe utakumbuka herufi zako na yeye atajiona mwalimu. Usimpe kitabu kama adhabu, na baba naye asome siku moja moja. Dakika kumi na tano kabla ya kulala zinatosha, simu ikiwa mbali.

Fedha ya vitabu ni tatizo, nakiri. Ziko maktaba za mikoa, na pale Dar es Salaam iko Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa mwaka 1967. Wanaokaa mbali wanaweza kufanya kama kikundi chetu cha akina mama kanisani: kila mmoja alileta kitabu kimoja, hata kikuukuu, tukavitia katika sanduku la mbao linalokaa ofisini kwa mwinjilisti. Ukiazima unaandika jina lako daftarini, unarudisha Alhamisi baada ya ibada. Vingine hurudi na mafuta ya maandazi, vingine vimechorwa na watoto. Kilichochakaa kuliko vyote ni kile cha Siti. Jalada lake tumelishona kwa uzi wa cherehani, na wiki hii yako majina manne yanayokisubiri.