Detekta ya ufukweni Kigoma: usilipie chumvi isiyokuwepo

Anayetaka kununua detekta ya kutafutia pete, sarafu na vyuma kwenye fukwe za Kigoma akumbuke kwanza kwamba Tanganyika ni ziwa la maji baridi. Ushauri mwingi unaosambaa duniani kuhusu kazi hii umetolewa na watu wa baharini, na mashine wanazozisifia zimepanda bei kwa sababu zimeundwa kupambana na chumvi. Mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme, kwa hiyo detekta rahisi inayotumia frikwensi moja huko hulia ovyo hata pasipo na kitu. Mtu wa Bagamoyo au Nungwi ana sababu ya kulipia Minelab Equinox yenye frikwensi nyingi kwa pamoja, ambayo nje ya nchi huuzwa kati ya dola 700 na 1,000. Kibirizi, Katonga na Ujiji hazina tatizo hilo, na sioni kwa nini mtu wa huku alipie dawa ya ugonjwa asio nao.

Kwa ziwa letu, mashine za dola 200 hadi 350 zinatosha. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni kati ya laki tano na takriban laki tisa, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Katika kundi hili ninalinganisha mbili. Garrett ACE 300 ya Marekani ni nyepesi na rahisi kujifunza. Sahani yake ya chini inaingia majini, lakini kisanduku chenye kioo na vitufe hakivumilii maji, na inakula betri nne za AA. Nokta Simplex+ ya Uturuki inazama yote hadi mita 3 na inachajiwa kwa waya wa USB. Ningechukua Simplex bila kusita. Pete nyingi huponyoka vidoleni mtu akiwa anaogelea, majini ya kiunoni, na wimbi moja la ghafla linatosha kuua kisanduku cha ACE. Hesabu pia betri: anayezinunua kila wiki atajikuta ametumia hela nyingi, wakati Simplex unaweza kuichaji hata kwa sola.

Wapo watakaokushawishi ununue mashine ya dhahabu. Wachimbaji wa Geita na Chunya wanazijua vizuri Minelab GPX 5000, GPX 6000 na GPZ 7000, na kwa kazi yao zina thamani yake: zinapenya udongo wenye madini mengi ya chuma na kusikia punje ndogo sana. Lakini GPX 6000 mpya ni kama dola 6,000, yaani milioni 15, na GPZ 7000 inafika milioni 20. Zaidi ya bei, mashine hizi ni dhaifu katika kutofautisha chuma na madini mengine. Nenda nayo ufukwe wa Ujiji ambako mafundi wanaunda boti za mbao. Misumari imezagaa mchangani, na utashinda unachimba misumari kwa mashine ya bei ya pikipiki kadhaa. Ukiuziwa iliyotumika kwa bei ya kutupa, bado si chombo cha ufukweni.

Misumari hiyo itakusumbua hata ukiwa na Simplex. Wengi huiamuru mashine ikatae chuma moja kwa moja, na hapo hupitwa na sarafu zetu wenyewe: shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 ni ya chuma kilichopakwa nikeli. Mimi naona bora kusikiliza kila kitu kwanza, kisha kuchuja pale tu kelele inapozidi. Elewa pia kwamba pete ya dhahabu hutoa mlio unaokaribiana na wa karatasi ya aluminiamu, au wa risasi za kuzamishia nyavu. Hakuna kitufe cha kukutenganishia hivyo. Utachimba risasi nyingi kabla ya pete moja, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Pitisha sahani polepole, karibu na mchanga, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Vaa hedifoni, maana injini za boti na mawimbi humeza milio midogo. Koleo lenye matundu usiagize nje. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kwa bati nene na mpini wa bomba. Ukiingia majini, kumbuka kwamba kichocho kipo ziwani, na kwamba sehemu nyingi kina huanza ghafla hatua chache kutoka ukingoni.

Kuna ambao hawahitaji detekta kabisa. Mvuvi aliyedondosha nanga, spana au funguo za chuma atafaidika zaidi na sumaku yenye nguvu iliyofungwa kamba, ambayo ni ya makumi ya dola tu. Hiyo haishiki dhahabu, fedha, shaba wala aluminiamu, kwa hiyo kwa pete haifai. Aliyepoteza pete mara moja tu maishani ni nafuu amtafute kijana mzamiaji anayeujua ufukwe huo, wapatane malipo ya kutwa na nyongeza akiipata.

Kinachoniuma ni vifaa vya antena vinavyotangazwa kuwa vinaona dhahabu au "mali za Wajerumani" kutoka umbali wa mamia ya mita. Vinauzwa kwa mamilioni, na watu wameuza mashamba kwa ajili yake. Havifanyi kazi. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza ADE 651, antena iliyochomekwa kwenye mpini, iliyodaiwa kutambua mabomu na ikanunuliwa kwa wingi na Iraq. Ndani haikuwa na kitu chochote cha kufanya kazi. Detekta halisi ya kushika mkononi husikia pete kwenye kina cha sentimita 15 hadi 25, basi. Anayekuahidi mita anakuibia.

Sarafu za Mjerumani zipo kweli, lakini heller ya shaba huuzwa dola chache tu huko nje. Inayofika maelfu ya dola ni rupia 15 ya dhahabu iliyogongwa Tabora mwaka 1916, na hizo zilikuwa chache. Tena Ujiji ya zamani haiko ulipo ufukwe wa leo. Mwaka 1878 maji yalifungua njia ya Mto Lukuga upande wa Kongo, na ziwa likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, hivyo ukingo aliouona Livingstone mwaka 1871 sasa uko nchi kavu. Huko usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunahitaji leseni. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, usiingie na mashine. Kwenye fukwe zenye wenyewe, kama Jakobsen, omba ruhusa kwanza. Bandari ya Kigoma ilipigwa mabomu na ndege za Wabelgiji mwaka 1916; ukifukua kitu kinachofanana na kombora, kiache hapo hapo uite polisi.

Kabla ya kulipa, nenda kwa muuzaji na shilingi 500, pete ya dhahabu uliyoazima nyumbani na risasi moja ya wavu. Vifukie mchangani kina cha kiganja, kila kimoja mbali na kingine, umwombe akuwashie mashine uvipitie mwenyewe. Akikataa, rudi nyumbani na hela yako.