Mita 60 za Ukingo wa Mto

Mkulima wa Akheri huuliza kwa nini akatazwe kulima ukingoni mwa mto, na shamba ni lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza, ndani ya mita 60 za ukingo, kazi yo yote ya kudumu au yenye kuudhuru. Najua mashamba ya Meru ni madogo. Kwa wengine mita 60 ni shamba zima. Lakini jembe likilegeza udongo wa mteremko, mvua za masika huuchukua, na mifereji ya wenzetu wa chini huziba. Pima kwa kamba, si kwa macho. Macho ya mwenye shamba hupunguza. Majani ya ukingoni yakatwe kwa ng'ombe wa zizini, yasing'olewe. Bomba la dawa ya kahawa lisioshwe mtoni.