Homa, kuchoma au kukanda? Msamiati wa sumaku inayotia joto

Kwa mzungumzaji wa Kibarani, kando ya mji wa Kilifi, mtoto ambaye paji lake linaunguza kiganja ana homa. Nenda na neno hilohilo Nairobi, huenda ukaletewa dawa ya mafua. Neno moja, maana mbili, na bado hatujafika hospitalini. Je, litatufaa kueleza tiba ambamo daktari hupandisha kwa makusudi joto la uvimbe wa saratani?

Halitufai. Mtu akiwa na homa, ubongo wake wenyewe ndio uliopandisha kipimo cha joto la mwili, na ndiyo sababu parasetamo huishusha. Katika hali ambayo wataalamu huiita haipathamia, kipimo cha ubongo hakijabadilika. Joto limetoka kwingine, na hapo parasetamo haifui dafu. Ukimwambia mgonjwa "tutakutia homa", atafikiria malaria na kukataa, na ana haki.

Tiba yenyewe hutumia chembe za oksidi ya chuma zenye upana wa nanomita 10 hadi 20 hivi. Chembe nyekundu moja ya damu ina takriban nanomita 7,000, basi piga hesabu. Chembe hizo huchanganywa na maji, hudungwa ndani ya uvimbe, kisha mgonjwa huwekwa kwenye uga wa sumaku unaokwenda na kurudi mara 100,000 hivi kwa sekunde.

Joto latoka wapi? Kitenzi kugeuka kinatusaidia. Mtu aliyeketi aweza kugeuza shingo tu, au akageuka mwili mzima. Chembe nayo ina njia mbili. Ya kwanza, chembe hutulia ilipo huku ncha za usumaku wake zikibadilishana ndani kwa ndani. Njia hii hupewa jina la Louis Néel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Ya pili, chembe nzima hujizungusha na kusuguana na majimaji yaliyoizunguka. Kwa vyovyote, chembe huchelewa kidogo kuufuata uga, na nishati inayopotea katika kuchelewa huko ndiyo joto. Uvimbe ukifikia nyuzi 41 hadi 46 za Selsiasi, seli za saratani hudhoofika na kuathiriwa zaidi na mionzi.

Wazo hili lilichapishwa Marekani mwaka 1957. Huko Berlin, hospitali ya Charité ililijaribu kwa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, na mwaka 2010 tiba hiyo ikaruhusiwa Ulaya, pamoja na mionzi.

Tuiiteje basi? Kuchoma kuna utata, kwani sindano nayo huchoma. Mgonjwa akisikia "utachomwa", ataelewa sindano au moto? Kukanda kunakaribia zaidi. Pwani, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, na kila mtu anajua kwamba hilo ni joto la kuponya. Tofauti ni kwamba kukanda huanzia kwenye ngozi kuelekea ndani, ilhali hapa jiko limewekwa ndani ya uvimbe wenyewe. Napendekeza tibajoto ya sumaku liwe jina, na "kukanda kutoka ndani" yawe maelezo yake.

Kilifi inalijua vizuri suala hili. Tangu mwaka 1989 kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kimekuwa mjini humo, na wakazi wamezoea kuombwa ridhaa kwa Kiswahili na Kigiriama. Ridhaa iliyotolewa kwa neno lisiloeleweka si ridhaa.

Tena kuna hatari ya mwili. Chuma kilichomo mwilini karibu na panapotibiwa, hata kile cha kuzibia jino, chaweza kupata moto ndani ya uga huo, hivyo hutolewa kwanza. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba anatibiwa homa hataona sababu ya kutaja jino lake. Aliyeelezwa kuhusu sumaku na chuma atalitaja hata kabla ya kuulizwa.