Je, Wajua? Mjukuu wa Kiwanuka na Ubingwa Mara Mbili wa Super Bowl

Je, wajua kwamba mjukuu wa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda alicheza misimu tisa katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, na timu yake ikatwaa Super Bowl mara mbili akiwa kikosini? Anaitwa Mathias Kiwanuka. Ukilitaja jina hilo hapa Ganze, Kilifi, wengi watadhani unamzungumzia yule mwimbaji wa London mwenye ubini kama huo. Hata kwao Marekani, mashabiki wa New York Giants wakianza kuhesabu mashujaa wao, hutaja watano sita kabla hawajamfikia yeye. Naona ameonewa, nami namtetea.

Alizaliwa Indianapolis, jimbo la Indiana, tarehe 8 Machi 1983, kwa wazazi waliotoka Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka, anatuhusu watu wa Kilifi kuliko tunavyodhani.

Je, wajua jinsi maisha ya babu huyo yalivyokaribiana na ya Ronald Ngala wetu? Benedicto alizaliwa 1922, akatumikia King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akasomea sheria London, kisha akarudi nyumbani kuongoza Democratic Party. Mwaka 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, naye akawa kiongozi wa serikali chini ya Waingereza. Machi 1962 akapewa cheo cha waziri mkuu. Mwaka huo huo wa 1961, huku Kenya, aliyekuwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali alikuwa Ngala wa chama cha KADU, Mgiriama wa Kilifi. Wote wawili walishika usukani uhuru ukiwa mlangoni, na wote wawili hawakuwa wao walioupokea: Uganda aliupokea Obote, Kenya akaupokea Kenyatta.

Wakafa pia mwaka mmoja, 1972. Ngala alifariki Desemba baada ya ajali ya barabarani. Kiwanuka, ambaye wakati huo alikuwa Jaji Mkuu, alichukuliwa na wanajeshi wa Idi Amin kutoka mahakamani Kampala tarehe 21 Septemba, mchana kweupe, na hakurudi tena. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyekuwa akizuiliwa na wanajeshi. Alijua anamwamulia nani, na bado akaamua.

Ngala aliacha mwana aliyefuata njia ya siasa: Noah Katana Ngala, mbunge wa Ganze hadi 2002. Huyu mjukuu wa Kiwanuka yeye aliingia uwanjani, na huko akawa lainibeka.

Je, wajua lainibeka ni nani? Katika futiboli ya Marekani timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Wanaozuia husimama katika safu tatu. Safu ya mbele ni mapande ya watu yanayogongana kifua kwa kifua. Nyuma kabisa ni wepesi wanaokimbizana na wapokeaji wa pasi. Katikati yao ndipo alipo lainibeka, na kwa sisi watu wa kandanda wa karibu naye zaidi ni kiungo mkabaji. Mpira ukibebwa mkononi, ni juu yake kumkabili mbebaji. Ukirushwa, inambidi arudi nyuma kumkaba mpokeaji. Pengine anatumwa moja kwa moja akamwangushe kotabeki, yule anayegawa mpira. Kazi ipi kati ya hizo tatu, huiamua kwa macho, sekunde ya kwanza tu mchezo ukianza.

Kumwangusha kotabeki kabla hajaachia mpira huitwa saki. NFL ilianza kuzihesabu rasmi mwaka 1982 tu, kwa hiyo wapo wakali wa zamani ambao saki zao hazimo katika kumbukumbu rasmi za ligi. Na ukiona hesabu yenye nusu usishangae: wachezaji wawili wakimwangusha pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu.

Kiwanuka ana 38.5. Mwenzake wa Giants, Michael Strahan, ana 141.5. Anayetazama tarakimu hizo peke yake atamweka Kiwanuka kapuni na kuendelea na safari yake. Lakini tarakimu hizo hazisemi alikuwa amepangwa wapi.

Chuoni Boston College alicheza pembeni mwa safu ya mbele, mkono mmoja chini, akimvamia kotabeki, na alipoondoka pale ndiye aliyekuwa na saki nyingi kuliko mchezaji yeyote wa chuo hicho. Giants wakamchukua katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL wa 2006, akiwa wa 32, wa mwisho kabisa katika raundi ya kwanza. Tatizo ni kwamba pembeni Giants walikuwa wamejaa. Alikuwapo Strahan. Alikuwapo Osi Umenyiora, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Nigeria. Alikuwapo Justin Tuck. Basi mwaka 2007 akaambiwa asimame, arudi nyuma hatua kadhaa, awe lainibeka.

Hapo ndipo heshima yangu kwake inapoanzia. Mtu wa karibu mita mbili na kilo kama 120, aliyezoea tangu ujana kumtazama mpinzani mmoja mbele yake, sasa atazame uwanja mzima na kurudi nyuma kukimbizana na watu wepesi kuliko yeye. Saki zinapungua, na mshahara wa mchezaji wa namna yake hupimwa kwa saki. Alikubali. Mwaka 2008 Strahan akastaafu, Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu kuanza, na Kiwanuka akarudishwa mbele: saki 8, nyingi kuliko msimu mwingine wowote wa maisha yake. Mwaka 2011 akarudishwa tena kuwa lainibeka. Baadaye tena mbele. Kila timu ikipungukiwa mahali, ni yeye aliyehamishwa. Wachache sana wangeweza nafasi zote mbili katika kiwango kile, na kwangu mimi uwezo huo una thamani kuliko saki 20 za mtu asiyeng'oka sehemu moja.

Bahati haikumbembeleza. Katika msimu wake wa kwanza, Novemba 2006, Giants walikuwa wakiwaongoza Tennessee Titans 21 kwa bila hadi robo ya mwisho. Titans wakaanza kurudisha. Katika nafasi ya mwisho ya shambulizi moja, Kiwanuka alimkumbatia kotabeki Vince Young barabara, kisha akamwachia, akidhani mpira umekwisha toka mkononi na akiogopa kuadhibiwa yadi 15. Mpira ulikuwa bado uko mkononi mwa Young. Young akakimbia, Titans wakashinda 24 kwa 21. Nchi nzima ilimcheka kijana wa miaka 23. Nimeiona picha ile mara nyingi, na kila nikiiona namwona mchezaji aliyejaribu kuitii sheria iliyokuwa imekazwa ili kuwalinda makotabeki.

Mwaka uliofuata, Novemba 2007, akavunjika mfupa wa mguu wa chini mjini Detroit. Giants wakaendelea bila yeye hadi Super Bowl ya Februari 2008, wakaifunga New England Patriots 17 kwa 14, timu iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja kati ya 18. Yeye alitazama tu. Mwaka 2010 alianza kwa moto, saki 4 katika mechi 3, halafu ikagunduliwa hitilafu katika diski ya shingo na msimu ukaishia hapo. Shingo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kugongana! Wengi wangestaafu. Yeye alirudi.

Je, wajua Super Bowl yake ya pili ilichezwa wapi? Indianapolis, mji aliozaliwa, tarehe 5 Februari 2012. Patriots tena, Giants 21 kwa 17, na safari hii alikuwa uwanjani, lainibeka. Kwetu Ganze ilikuwa imeshaingia Jumatatu, saa nane na nusu usiku, mpira ulipoanza. Ukitaka kuipenda futiboli ya Marekani kutoka Kilifi, usingizi lazima uutoe sadaka.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Colts, timu ya huko huko Indianapolis, ilimsajili Mkenya aliyekuwa hajawahi kucheza mchezo huo hata mara moja. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa mchezaji wa raga Afrika Kusini na New Zealand. Wakampa nafasi gani? Lainibeka wa pembeni. Julai alisaini, Desemba 2013 akaingia uwanjani katika mechi halisi ya NFL, zaidi katika vikosi maalumu vya kupiga na kurudisha mipira. Kujifunza mchezo ule ukubwani, ndani ya miezi mitano, na kukanyaga nyasi zake kwa haki, ni jambo ambalo lilistahili kelele kubwa zaidi nchini kuliko lilizopata.

Giants walimwachilia Kiwanuka mwaka 2015. Mwaka 2023 NFL ilileta Nairobi kambi ya kusaka vijana wa Afrika wenye kipaji cha mchezo huo, na aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Osi Umenyiora, yule yule ambaye nafasi yake pembeni ndiyo iliyomfanya Kiwanuka awe lainibeka.