Mkopo wa Pikipiki ya Kwanza

Kwa kijana wa Hanga, mashariki ya mji wa Songea, chombo cha moto cha kwanza kununua kwa mkopo huwa pikipiki, mara chache gari. Gari dogo lililotumika Japani, kama Toyota IST, likifika bandari ya Dar es Salaam hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na tozo ya uchakavu likiwa na umri mkubwa. Bei anayotangaza muuzaji wa Japani, basi, ni sehemu tu ya gharama. Benki nazo hupenda kumkopesha gari mtu ambaye mshahara wake unapitia kwao. Mkulima wa mahindi au fundi asiye na hati ya mshahara huanza na bodaboda.

Njia iliyozoeleka zaidi ni mkataba. Mwenye pikipiki humkabidhi dereva, dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na muda waliokubaliana ukitimia chombo kinakuwa chake. Hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, ikilipwa wiki 60 inafika shilingi 3,600,000. Jumla hiyo inaweza kuvumilika. Hatari iko kwenye kadi. Kadi ya usajili hubaki na jina la mwenye chombo hadi malipo ya mwisho, na dereva aliyelipa miezi kumi kisha akaugua anaweza kunyang'anywa pikipiki akabaki mikono mitupu, hasa kama walikubaliana kwa mdomo. Mkataba wa maana huandikwa mbele ya mashahidi. Hutaja nani anagharamia injini ikifa, nani analipa bima, hesabu inakuwaje dereva akiwa kitandani, na kadi inahamishwa lini.

Njia ya pili ni taasisi ndogo za fedha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilizipanga katika madaraja manne. Daraja la pili ni la wakopeshaji wasiopokea amana, na Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Wanaouvuka, wengi wao bila leseni, ndio wanaoitwa kausha damu. Lakini hata ndani ya ukomo huo, namna ya kupiga riba hubadilisha mengi. Mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa miezi 12, riba ikipigwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa awali, huzaa riba ya shilingi 1,260,000 na rejesho la 355,000 kwa mwezi. Riba hiyohiyo ikipigwa juu ya deni lililobaki tu, rejesho hushuka hadi kama 310,000 na riba yote kuwa takriban 725,000. Tofauti inapita nusu milioni, na mara nyingi haionekani kwenye tangazo la ukutani.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa vijana hutolewa kwa kikundi, hivyo mmoja akishindwa kurejesha wenzake hubeba mzigo.

Kwa wakulima wa Ruvuma, mkoa ulipo mji wa Songea, kuna tatizo ambalo fomu nyingi za mkopo hazilijali: fedha ya shamba huja kwa msimu, rejesho hudaiwa kila wiki au kila mwezi. Baada ya mavuno abiria na magunia ni mengi. Masika yakishika, njia za vijijini huwa tope na mifuko ya abiria huwa mitupu. Rejesho linalokadiriwa kwa mapato ya Agosti litamshinda dereva ifikapo Februari. Salama zaidi ni kukadiria kwa mwezi mbaya, au kuomba ratiba yenye malipo makubwa wakati wa mauzo ya mazao.

Deni likiisha, mkopaji hudai barua ya kumaliza mkopo na kadi yake. Kama kadi bado ina jina la mwingine, uhamisho wa umiliki hufanywa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na pande zote mbili huhitaji kuwa na namba ya mlipakodi.